Aina za Kazi na Mikakati ya Mawasiliano ya Wajifunzaji wa Kiswahili Lugha ya Pili: Historia Fupi kutoka Sakina na Miteremko ya Mlima Meru

Ikisiri

Makala hii inachunguza namna aina za kazi walizopewa wajifunzaji wa Kiswahili lugha ya pili, au walizojikuta nazo maishani, zilivyoumba mikakati yao ya mawasiliano tangu mwishoni mwa karne ya 19 hadi sasa. Eneo linalozingatiwa ni Sakina na miteremko ya Mlima Meru, mahali ambapo misheni, boma, mashamba ya walowezi, masoko na vituo vya lugha vimekaribiana. Hoja kuu ni kwamba aina ya kazi huathiri uteuzi wa mkakati, kama nadharia inavyodai, lakini hatima ya mkakati huo, yaani kukua au kudumaa, hutegemea pia nani kati ya wazungumzaji wawili ana haki ya kusema kwamba hakuelewa. Makala inahitimisha kwa kuonesha athari za hoja hiyo katika upimaji wa Kiswahili leo.

1.0 Utangulizi

Mjifunzaji wa lugha ya pili huwa na maana nyingi kuliko maneno. Anapotaka kutaja kizibo na neno hilo halimjii, anaweza kusema "kitu cha kufungia chupa", anaweza kutumia neno la jirani kama "kifuniko", anaweza kubuni neno, kuchomeka neno la lugha yake, kuonesha kwa mkono, kumuuliza msikilizaji, au kuacha kabisa alichotaka kusema. Njia hizi ndizo wanaisimu wanazoziita mikakati ya mawasiliano. Selinker (1972) alizigusa alipoieleza lugha ya mpito ya mjifunzaji. Tarone (1977) akaziainisha katika makundi ya ukwepaji, ufafanuzi, uhawilisho wa makusudi, kuomba msaada na ishara. Canale na Swain (1980) wakazipa hadhi ya kuwa sehemu ya umilisi wa mawasiliano, na Færch na Kasper (1983) wakakusanya tafiti za awali katika kitabu kimoja.

Swali la aina ya kazi liliingia mjadalani baadaye kidogo. Poulisse na Schils (1989), wakiwachunguza Waholanzi waliokuwa wakijifunza Kiingereza, walibaini kwamba kiwango cha umilisi huathiri zaidi idadi ya mikakati, ilhali aina ya mikakati huathiriwa zaidi na kazi yenyewe. Katika kutaja vitu vilivyo katika picha, wajifunzaji walielekea kuchambua sifa za kitu kimoja baada ya nyingine. Katika kusimulia hadithi na katika mahojiano, walitumia zaidi neno la karibu au uhawilisho. Sababu inaeleweka. Mwenye kutaja picha ana muda na anatakiwa kuwa sahihi, lakini mwenye kusimulia ana safari ndefu mbele yake na hawezi kusimama kwa kila neno.

Tafiti hizo zilifanywa darasani na maabara. Makala hii inalipeleka swali lilelile katika historia. Sakina ipo kaskazini-magharibi mwa kitovu cha jiji la Arusha, kando ya barabara iendayo Namanga na Nairobi. Upande mmoja kuna Ilboru, mahali pa misheni ya Kilutheri. Kuelekea mjini kuna boma la Wajerumani, ambalo leo ni makumbusho. Kuelekea Namanga kuna Ngaramtoni na soko lake. Waarusha, wenyeji wa eneo hili, wanazungumza Kimaa. Wameru, majirani zao wa mashariki, wanazungumza Kirwa, lugha ya Kibantu iliyo karibu na Kimachame. Kwa wote hao, kama kwa Mjerumani, Mgiriki na Mdenishi waliofika baadaye, Kiswahili kilikuwa lugha ya kujifunza. Tofauti ilikuwa katika kazi ambayo kila mmoja alitakiwa kuifanya kwa lugha hiyo.

Ushahidi unaotumika hapa ni vitabu vya kufundishia, desturi za mitihani na maelezo ya kiisimu. Kila kitabu cha lugha hudokeza kazi, na kila kazi humdokeza mjifunzaji wa namna fulani.

2.0 Kazi ya kufasiri: mjifunzaji mwenye muda

Vitabu vya mwanzo vya Kiswahili kwa wageni viliandikwa na wamisionari. Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844, alichapisha muhtasari wa sarufi mwaka 1850. Steere alitoa kitabu chake cha mwongozo mwaka 1870, mwaka uleule alipochapisha hadithi alizozikusanya Unguja. Vitabu hivyo vilipanga lugha kwa aina za maneno na kuambatanisha orodha ndefu za msamiati. Kazi kubwa ya mjifunzaji ilikuwa kufasiri.

Mpangilio huo ulipata makao rasmi Berlin mwaka 1887, ilipofunguliwa Seminari ya Lugha za Mashariki. Hapo Büttner na baadaye Velten walifundisha Kiswahili wakisaidiwa na wasomi wa pwani, miongoni mwao Sleman bin Said, Amur bin Nasur na Mtoro bin Mwinyi Bakari. Büttner alikusanya barua zilizoandikwa kwa hati za Kiarabu ili wanafunzi wazisome. Velten alihariri simulizi za safari na maelezo ya mila. Kitabu maarufu zaidi, Desturi za Wasuaheli, kilichapishwa mwaka 1903, na sehemu yake kubwa ilitokana na kalamu ya Mtoro. Hivyo, mwanafunzi wa Berlin alisoma Kiswahili fasaha kuliko alichokuja kukisikia katika nyika za Meru.

Tukiipima kazi ya kufasiri kwa vigezo vya mikakati, tunaona kwamba inaondoa karibu kila kishawishi cha kuitumia. Muda upo, kamusi ipo, na mwenye lugha yuko kando ya meza. Neno lisipojulikana, linatafutwa, halizungukwi. Mkakati pekee unaostawi hapo ni kuomba msaada, na unaombwa kwa lugha ya mwanafunzi mwenyewe. Mjifunzaji wa namna hii huweza kujua upatanisho wa ngeli zote na bado akakwama mbele ya mtu asiyejua Kijerumani, kwa kuwa hajawahi kulazimika kufika kwenye maana kwa njia ya mzunguko.

Huku Meru kwenyewe mambo yalikuwa tofauti. Wamisionari wawili wa Leipzig, Ovir na Segebrock, waliuawa Akeri mwezi Oktoba 1896, na misheni ilirejea Nkoaranga mwaka 1902 kisha Ilboru mwaka 1904. Walutheri wa Leipzig waliamini kwamba dini ifundishwe kwa lugha ya nyumbani, kwa hiyo walijikita zaidi katika lugha za wenyeji. Kiswahili kiliachwa kiwe lugha ya boma, ya askari, ya karani na ya biashara, na huko kilikutana na kazi ya aina nyingine.

3.0 Kazi ya kuamuru: boma na shamba

Boma la Arusha lilijengwa mwanzoni mwa utawala wa Kijerumani katika eneo hili, mnamo mwaka 1900. Miaka michache baadaye Makaburu kutoka Afrika Kusini walipewa ardhi kati ya Kilimanjaro na Meru, na baada yao wakaja walowezi wengine, wakiwamo Wagiriki waliolima kahawa na mkonge. Mlowezi hakuhitaji kusimulia wala kujadili. Alihitaji kitu kifanyike: maji yaletwe, ng'ombe wafungwe, kahawa ichumwe.

Kazi ya kuamuru ina sifa tatu. Kwanza, taarifa hutoka upande mmoja tu. Pili, kitu kinachozungumzwa mara nyingi kipo mbele ya macho, kwa hiyo kidole kinaweza kukamilisha sentensi. Tatu, anayeelewa vibaya ndiye anayeadhibiwa, hata kama aliyekosea ni msemaji. Katika mazingira hayo mlowezi alipunguza lugha kwa usalama kabisa. Alisema "leta ile kiti" pasipo "lete kile kiti", na "mimi hapana taka" mahali pa "sitaki". Ngeli zilikunjwa zikawa moja, vitenzi vikabaki na maumbo machache, na ukanushi ukabebwa na neno moja lisilobadilika. Namna hii ya kusema, inayojulikana zaidi nchini Kenya kwa jina la Kisetla na kuelezwa kiisimu na Vitale (1980), kwa kawaida huhesabiwa kuwa pijini. Kwa mtazamo wa makala hii, Kisetla ni mikakati ya mawasiliano iliyogandishwa.

Kwa nini iligandishwa? Kila mjifunzaji wa lugha hupitia hatua ya kusema "kitu hii". Mtoto wa jirani akisikia hivyo atacheka, muuzaji atarudia "kitu hiki", na kidogo kidogo kosa litang'oka. Kibarua wa shambani hakuwa na nafasi ya kumcheka mwajiri wala kumsahihisha. Alichoweza kufanya ni kukisia alichotaka bwana, na hata kumjibu kwa lugha ileile iliyovunjika ili mambo yaende. Mzigo wote wa maelewano ulibebwa na msikilizaji, na msemaji akaishi miaka 30 nchini akiamini kwamba anajua Kiswahili. Hakuna alichokosa, kiti kililetwa.

Utawala wa Uingereza ulitaka kurekebisha hali hiyo kwa maofisa wake. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 uliteua Kiunguja kuwa msingi wa usanifishaji, na Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ikaundwa mwaka 1930. Maofisa walitakiwa kufaulu mitihani ya Kiswahili ya ngazi ya chini na ya juu. Kitabu cha sarufi cha Ashton (1944) na kile kidogo cha Perrott (1951) viliwasaidia wengi. Hata hivyo, mazoezi ya vitabu hivyo yalikuwa yaleyale ya kugeuza sentensi kutoka lugha moja kwenda nyingine. Ofisa akatoka mtihanini na ujuzi wa mwanafunzi wa Berlin, akaingia kazini na kazi ya mlowezi. Aliyezidi hapo alikuwa yule ambaye shughuli zake zilimlazimisha kusikiliza mashauri barazani, kwa kuwa baraza lilimdai aelewe kabla ya kuamua.

4.0 Kazi ya kubadilishana: soko

Wakati huohuo wajifunzaji walio wengi zaidi hawakuwa na kitabu chochote. Walikuwa Waarusha na Wameru walioshuka sokoni na maziwa, ndizi, maharage na mahindi. Fasihi ya ufundishaji wa lugha ya pili huwasahau, kana kwamba mjifunzaji wa Kiswahili lazima awe ametoka ng'ambo.

Kazi ya sokoni ni ya pande mbili. Mnunuzi ana fedha na hajui bei ya mwisho. Muuzaji ana bidhaa na hajui mnunuzi atafika wapi. Kila mmoja ana taarifa ambayo mwenzake anaihitaji, na mwisho wa mazungumzo unaonekana: ama debe limebebwa ama limebaki. Prabhu (1987), aliyeongoza mradi wa kufundisha lugha kwa kazi huko Bangalore nchini India, aliziita kazi za namna hii kazi za pengo la taarifa, akizitenga na zile za pengo la hoja na pengo la maoni. Wajifunzaji wa Ngaramtoni walikuwa wakizifanya bila mwalimu wala mtaala.

Mikakati inayozaliwa hapo ni ya aina yake. Kwa kuwa bidhaa ipo, ishara na vioneshi hutangulia. Kwa kuwa bei haionekani, nambari hujifunzwa mapema na kwa usahihi. Kwa kuwa vipimo hutofautiana, msamiati wake hukita mizizi: fungu, kisado, debe, gunia, mkungu. Na kwa kuwa kila upande unahitaji upande wa pili, kuomba msaada si aibu. "Hii mnaitaje?" ni swali la kawaida, na jibu lake huja na neno sahihi likiwa moto. Msikilizaji naye husogea. Hadi leo, wanunuzi wengi wa Arusha humwita mama wa Kiarusha "yeyo", neno la Kimaa lenye maana ya mama, na kwa neno hilo moja lugha mbili hukutana katikati ya njia.

Hapa lugha ya kwanza ya mjifunzaji inaleta tofauti. Mmeru anapokosa neno la Kiswahili anaweza kulichukua la Kirwa, akalivisha kiambishi cha Kiswahili, na mara nyingi akaeleweka, kwa kuwa ngeli na upatanisho ni mali ya lugha zote mbili. Mwarusha hana urithi huo. Kimaa kina upatanisho wa jinsia na idadi, hivyo wazo la upatanisho si geni kwake. Kilicho kigeni ni wingi wa ngeli na mahali viambishi vinapokaa. Uhawilisho haumlipi sana, na kwa sababu hiyo hulazimika kutegemea zaidi ufafanuzi, neno la karibu na ishara. Kazi ni ileile, soko ni lilelile, lakini mikakati inatofautiana. Aina ya kazi, kwa hiyo, haiamuru peke yake. Inafungua milango fulani, na lugha ya kwanza huamua ni upi ulio karibu.

Soko nalo lina mipaka yake. Mtu anaweza kununua na kuuza kwa miaka bila kuhitaji "ingawa", "endapo" au "laiti". Anapoitwa katika shauri la ardhi au kikao cha shule, ambako kitu kinachozungumzwa hakionekani na hoja inadai sharti na sababu, mikakati ya kidole humwishia. Wengi hunyamaza. Huo ni ukwepaji, lakini wasikilizaji huuchukulia kuwa kukosa la kusema.

5.0 Baada ya Uhuru: kukariri, kusoma na kutoka nje

Uhuru ulibadili uzito wa Kiswahili. Mwaka 1964 kazi ya ile Kamati ya lugha ilihamishiwa katika chuo kilichounganishwa na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwaka 1967, mwaka wa Azimio la Arusha na wa Elimu ya Kujitegemea, liliundwa Baraza la Kiswahili la Taifa, na Kiswahili kikashika nafasi ya lugha ya kufundishia katika shule zote za msingi za umma. Kampeni za elimu ya watu wazima za miaka ya 1970 ziliwafikia pia wazee ambao Kiswahili hakikuwa lugha yao ya nyumbani. Kwao darasa la kisomo lilikuwa pia darasa la lugha ya pili, ingawa halikuitwa hivyo. Kazi kuu ilikuwa kusoma na kuandika maneno ya kilimo, afya na siasa. Waliingia na lugha ya soko, wakatoka na msamiati wa mkutano.

Kwa wageni, miaka ya 1960 ilileta mbinu za kusikia na kukariri. Stevick na wenzake waliandaa kozi za Kiswahili kwa ajili ya watumishi wa Serikali ya Marekani. Mchango wa Stevick ulikuwa kuufupisha mzunguko: mwanafunzi aige sentensi chache, kisha azitumie papo hapo kuuliza jambo ambalo kweli halijui. Kwa lugha ya leo, alikuwa akiunganisha zoezi na kazi. Miaka hiyohiyo kituo cha mafunzo cha Usa River, mashariki mwa Arusha, kilianza kuwapokea wafanyakazi wa kujitolea kutoka nchi za Nordic, na baadaye kikajulikana sana kwa kozi zake za Kiswahili chini ya jina la MS-TCDC. Ni sadfa ya kupendeza kwamba Denmark, iliyokuwa ikiwatuma watu wake kujifunza Kiswahili chini ya Meru, ndiko pia Færch na Kasper walikofanyia uchunguzi wao wa mikakati.

Desturi ya kumpeleka mjifunzaji nje ya darasa, aulize bei, aombe kuelekezwa njia au amhoji mwenyeji, sasa imeenea. Ina manufaa, lakini historia ya soko inatupa tahadhari. Kazi za nje zikirudiwa bila kupandishwa daraja, mgeni hubaki na ufasaha wa salamu na bei. Zaidi ya hayo, mgeni mwenye fedha husamehewa. Muuzaji wa Sakina atamwelewa hata akisema "ndizi hii ngapi pesa", kwa kuwa anataka kuuza, na pengine atamjibu kwa Kiingereza. Hapo kazi inayodhaniwa kuwa ya pande mbili hurudi kimyakimya kuwa ya upande mmoja.

6.0 Mjadala: haki ya kusema "sikuelewi"

Tafiti za mikakati hupima kazi kwa muda, uwepo wa kitu kinachozungumzwa, idadi ya pande zenye taarifa na kiwango cha usahihi kinachotakiwa. Historia iliyosimuliwa hapa inathibitisha vigezo hivyo. Kufasiri kuliondoa haja ya mikakati. Kuamuru kulizaa upunguzaji. Soko lilizaa ishara, neno la karibu na kuomba msaada. Baraza lilidai ufafanuzi.

Lakini kuna kigezo kimoja ambacho maabara haikukiona kwa kuwa ndani yake kilikuwa kimesawazishwa. Nacho ni uhusiano wa mamlaka. Kwa vigezo vya kiisimu peke yake, mlowezi na mama wa sokoni walifanya kazi zinazofanana: wote walizungumza juu ya vitu vinavyoonekana, kwa haraka, na kwa msamiati mdogo. Wote walianza na "kitu hii". Mmoja alibaki hapo, mwingine akasonga. Kilichowatenganisha ni kwamba msikilizaji wa sokoni alikuwa huru kusema "sikuelewi, mama, unataka nini?", na msikilizaji wa shambani hakuwa huru. Mkakati unaopokewa bila kuulizwa hugeuka kuwa mazoea. Mkakati unaoulizwa hugeuka kuwa ngazi.

Bialystok (1990) alisisitiza kwamba mikakati ya lugha ya pili haitofautiani kimsingi na ile itumiwayo na kila msemaji anayetafuta kueleweka. Ikiwa ndivyo, basi haki ya kutoelewa ni sharti la ukuaji wa lugha yoyote.

7.0 Hitimisho

Mkataba wa mwaka 1999 wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, yenye makao makuu Arusha, unataka Kiswahili kikuzwe kiwe lugha ya mawasiliano mapana ya Jumuiya, na UNESCO ilitangaza mwaka 2021 kwamba tarehe 7 Julai ni siku ya Kiswahili duniani. Wajifunzaji wataongezeka, na mitihani pia. Inafaa basi tujiulize mitihani hiyo itampa nani cheti.

Mtihani wa kujaza viambishi utampitisha mrithi wa mwanafunzi wa Berlin na kumwangusha mwanamke wa Kiarusha ambaye kwa miaka 40 amelisha familia kwa Kiswahili. Mtihani wa mazungumzo mepesi, ukisimamiwa na mtahini mwenye huruma, unaweza kumpitisha hata mlowezi. Hakuna mmoja kati yake unaopima jambo ambalo Kiswahili cha jumuiya kitalidai zaidi, yaani uwezo wa mtu kueleza kisichoonekana kwa msikilizaji ambaye halazimiki kumwelewa, na kurekebisha usemi wake anapoulizwa.

Kwa hiyo inapendekezwa kwamba kazi za kufundishia na za kupimia zipangwe kwa daraja: kutoka kitu kinachoonekana hadi kisichoonekana, kutoka taarifa hadi hoja na maoni, na katika kila daraja msikilizaji apewe wajibu wa kuuliza. Mwalimu anayekisia haraka alichotaka kusema mwanafunzi, na mwenyeji anayemsifu mgeni kwa sentensi iliyovunjika, wote wana nia njema. Lakini wanabeba mzigo ambao mjifunzaji alipaswa kuubeba mwenyewe, na mzigo huo ndio unaojenga lugha. Hali kadhalika kwa mtoto anayetoka katika nyumba ya Kimaa: anaponyamaza darasani, mwalimu achunguze kwanza kazi aliyompa kabla ya kukihukumu Kiswahili chake.